Miti Mia Sita ya Sajini Natale

Natale Mindra alianza kuiogopa siku ya kutoka jeshini akiwa bado na miaka saba ya kutumikia. Ilikuwa mwaka 1971. Alikuwa koplo, dereva wa malori, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu na mabega mapana, na alikuja likizo Arua, mji wa kwao kaskazini-magharibi mwa Uganda, akiwa na sanduku la bati na sabuni za zawadi. Hofu hiyo aliipata sokoni Oli, kando ya mto, kwa mtu aliyekuwa akiuza koti.

Mtu huyo aliitwa Fabiano. Mwaka 1957, Natale alipoandikishwa, Fabiano ndiye aliyekuwa sajini wake, na ndiye aliyemfundisha kuendesha lori kwa kumpiga kofi kila gia ilipolia. Sasa alikuwa amekaa juu ya jiwe na suruali ya jeshi iliyokatika magotini. Mbele yake alikuwa ametandaza koti lake zito la kijani, lile lenye vifungo vya shaba.

"Afande," Natale akasema, na mwili wake ukasimama wima wenyewe.

"Wacha hiyo. Afande iko kambini. Hapa iko mutu na koti. Unanunua?"

"Koti yako mwenyewe?"

"Ya nani tena? Buti ilikwenda. Baisikeli ilikwenda. Bibi alikwenda na baisikeli." Fabiano akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa Natale.

"Na ile pesa ya pensheni?"

"Miezi nane. Mimi nilihesabu muzuri. Mwezi ya kwanza nanunulia Oli yote pombe, watu nasema, huyu Fabiano iko mutu ya maana. Mwezi ya tisa hakuna mutu anajua jina yangu. Wewe bado miaka ngapi?"

"Saba."

"Basi anza leo."

Natale alilinunua lile koti kwa bei ambayo halikustahili, akaondoka upesi kama mtu aliyeona maiti yake mwenyewe.

Nchi ilikuwa imemfundisha kulenga shabaha, kupiga saluti, kufungua injini gizani na kuifunga tena bila kubakiza hata skrubu moja. Haikuwahi kumfundisha namna ya kuzeeka. Mamia ya vijana wa kwetu walichukuliwa hivyo, wakitolewa shambani wakiwa na miaka kumi na tisa na kurudishwa na arobaini, wakiwa wamesahau jembe linavyoshikwa, na mkononi wamepewa noti chache ambazo kila mwaka zilinunua kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Natale aliliona jambo hilo mapema, na hilo ndilo lililomtofautisha na wenzake. Hakuwa na kisomo zaidi ya darasa la nne. Alikuwa na macho tu, na koti la Fabiano.

Wiki ile ile alikwenda kwa Zéphyrin, Mkongo aliyehamia Oli na kufanya biashara ya nguzo, mbao na milango. Natale alimuuliza swali moja: ni kitu gani mtu akikiweka leo, baada ya miaka saba bado kitakuwa kitu?

"Muti," Zéphyrin akamjibu bila hata kuacha kupiga randa. "Pesa inakufa. Muti haikufi. Panda kalitusi, mukubwa. Miaka saba unakata, mimi nanunua. Kisiki inachipuka tena. Unakata, inarudi. Unakata, inarudi. Sawa ndevu."

Natale hakulala akifikiria ndevu hizo. Hiyo ilikuwa pensheni asiyoijua karani yeyote wa jeshi, inayojirudisha yenyewe mzee akiwa amekaa mlangoni kwake. Akaamua.

Shida ilikuwa ardhi. Kiwanja cha marehemu baba yake kule Awindiri kilikuwa kimekwisha kumegwa na mji mpaka pakabaki mahali pa nyumba na choo. Lakini mama yake, Ayikoru, baada ya kufiwa na mume alirudi kwa kaka zake huko Midia, upande wa Koboko, karibu na mpaka, na Natale alikulia huko. Mjomba wake Lino alimpa kipande cha shamba tangu akiwa mvulana. "Lima," alimwambia. Natale alilima mtama, na baadaye mama yake akalima muhogo humo.

Ukoo ule ulimpenda mpwa kuliko mtoto wa nyumbani. Mara moja kila mwaka, baada ya mavuno, mpwa alikuwa na siku yake. Aliingia uani kwa mjomba mchana kweupe, akachukua atakacho, kuku, kibuyu au jembe, na hakuna aliyemwita mwizi. Wanawake walimzomea wakicheka, mjomba alijifanya amekasirika. Masharti yalikuwa mawili tu. Achukue kwa mikono yake mwenyewe bila msaidizi, na jua likizama aache.

Basi Natale alipanda miche mia sita ya kalitusi kwenye kipande kile, mistari sita ya miti mia mia, kwa kamba, imenyooka kama gwaride. Lino alipita asubuhi moja, akasimama, akatazama mistari ile kwa muda mrefu.

"Umepanga vizuri," akasema, akaenda zake.

Natale alisikia ruhusa. Jeshini mkubwa asipokataa, amekubali. Akarudi kambini na moyo mweupe.

Mwaka uliofuata Wahindi walifukuzwa nchini, na maduka yao yakagawiwa. Meja mmoja alimwita Natale, ambaye sasa alikuwa sajini, akamwonyesha ufunguo wa duka la nguo mjini Arua. Mkewe, Pasca, alikuwa tayari amekwisha kujiona nyuma ya kaunta.

"Baba Eyotaru, umeukataa?" akamuuliza jioni, mikono kiunoni. Eyotaru ni binti yao wa kwanza. "Umeukataa ufunguo?"

"Ufunguo niliopewa na meja, siku moja meja mwingine atauomba."

"Wenzako wote wamechukua!"

"Mama Eyotaru, mimi nimewahi kuuza nini? Nitauza vitambaa vya mtu, vikiisha niuze rafu. Rafu zikiisha nikae na Fabiano juu ya jiwe. Na mwenye duka, unajua nimemwona? Amebeba watoto wawili na sufuria. Siwezi kuanza uzee wangu kwa sufuria ya mtu."

"Na miti yako ndiyo tutakula? Majani yake hata mbuzi anayatema!"

Pasca hakumsemesha kwa siku tisa. Alikuwa na haki ya kuogopa, maana ni yeye aliyepika, na chumvi ilikuwa ikipanda bei kila mwezi. Lakini nasema wazi kwamba katika kambi nzima iliyojaa watu wenye funguo za watu wengine, alikuwepo sajini mmoja aliyetaka kula jasho lake, na walimcheka.

Miaka ikapita. Kila likizo Natale alikwenda Midia, akapogoa, akapima unene wa miti kwa viganja. Alipostaafu mwezi wa tatu mwaka 1978, baada ya miaka ishirini na moja, kiinua mgongo chake kilicheleweshwa miezi mitano. Mwaka 1971 fedha zile zingeezeka nyumba kwa mabati na kununua kitanda na baiskeli. Zilipofika zilinunua baiskeli kuukuu na gunia la chumvi. Natale aliikunja karatasi ya malipo, akaitia mfukoni mwa koti la Fabiano, akasema, "Sawa. Bado miti."

Mpango wake nilianza kuujua wakati huo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na kupanga chumba jirani naye Awindiri. Ulikuwa mpango wa maana kuliko yote niliyofundishwa darasani. Alikuwa amejenga kuta za vyumba viwili Oli, bado hazijaezekwa. Nguzo sitini za kwanza zingempa Pasca cherehani ya miguu na nyumba ile mabati kumi na mawili. Zéphyrin angelipa kwa vitu, si kwa noti. Pasca angeshona, chumba kimoja kingepangishwa, na visiki vingechipua kwa ajili ya zamu nyingine. Lakini Zéphyrin alikuwa na dizeli ya safari moja tu, aliyoitafuta kwa miezi miwili.

"Jumamosi nakuja. Nguzo sitini zikuwe barabarani," alisema. "Chini ya sitini mimi nakula hasara. Na hakuna Jumamosi ingine, Sajini. Hii vita ya huko kusini inakunywa mafuta yote."

Ni kweli, ilikuwa Desemba, na vita vilikuwa vimeanza mpakani mwa Tanzania. Habari zilisema wanajeshi wastaafu wangeitwa tena. Natale alitaka Pasca awe na paa na mashine kabla ya kuja jina lake.

Aliangusha miti tisini, akaimenya maganda, akaikata hatua tano tano, akailaza ikauke. Siku tano za shoka, na hakuna mtu wa nyumba ya Lino aliyesema neno. Mkesha wa safari, Ijumaa mchana, aliniomba niende naye Midia niwe shahidi wa hesabu kati yake na Zéphyrin. Tulikwenda na Pasca. Tulipofika, tuliwakuta watatu kati ya vijana watano wa Lino wamekaa juu ya nguzo. Mkubwa wao, Albert, alikuwa na panga mapajani.

"Karibu, sajini," Albert akasema. Hakuinuka.

"Albert, hujambo. Mnapumzika?"

"Tunalinda miti ya baba."

Natale akatabasamu, akidhani ni utani wa binamu. Kisha akaacha kutabasamu.

"Nani alipanda miti hii?"

"Wewe. Ndiyo maana haitoki. Mtu akipanda mtama, akivuna amekwisha. Akipanda mti akauvuna mbele ya watu, amesema ardhi ni yake. Babu yetu alimkaribisha mgeni, mgeni akapanda misufi, leo wajukuu wake wanatuita sisi wageni. Sisi tuko watano, sajini. Tutalima wapi? Juu ya kofia yako?"

"Mimi sitaki ardhi! Nataka nguzo!"

"Wote husema hivyo. Halafu kuna kisiki, na kisiki kinachipua."

Natale akapiga hatua moja mbele. Albert akasimama na panga lake. Nilimwona Natale akiutazama mkono ule kama askari anavyotazama, akichagua mahali pa kuushika.

"Niguse," Albert akasema polepole. "Niguse, nifike Koboko kabla ya jua kuzama. Nitawaambia askari kuna mstaafu anauza nguzo za magendo kwa Mkongo, maili tatu kutoka mpakani. Unajua wanavyouliza maswali."

Sote tulijua. Mwaka ule watu walikuwa wakipotea kwa sababu ya gunia la kahawa ya magendo. Pasca akamshika mumewe koti kwa nyuma, akavuta, na Natale akarudi kinyumenyume bila kuyatoa macho kwenye panga.

Tulimkuta mama Ayikoru nyuma ya nyumba yake akipepeta ulezi. Alikuwa mwembamba kama fito, na ulimi wake haukuzeeka.

"Mama, kwa nini mjomba hakuniambia? Miaka saba!"

"Alikuambia kila siku. Umewahi kumwona akikata mswaki kwenye miti yako?"

"Hapana."

"Umewahi kumwona akipita katikati yake kwenda kisimani?"

Natale akafikiri. "Hapana. Anazunguka."

"Mzee anazunguka shamba miaka saba, magoti yanamuuma, na wewe unasema amenyamaza! Jeshini walikupa miwani ya mbao?"

"Angesema tu hapana, mama."

"Amwambie hapana mtoto wa dada yake? Mdomoni? Halafu kinyongo cha mpwa kikiwaangukia wanawe, wakaugua, aseme nini? Ni wewe uliyepaswa kumuuliza, ili akujibu kwa kuzungukazunguka, nawe uelewe. Kwenda chooni kambini unaomba ruhusa. Kaka yangu hukumwomba."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilizungumza juu ya haki ya mtu juu ya jasho lake, juu ya mahakama, juu ya ofisi ya wilaya, juu ya barua ambayo ningeiandika usiku ule ule.

"Mwalimu," mama Ayikoru akasema, "keti. Unanitemea mate kwenye ulezi."

Nikaketi. Aliendelea kupepeta, kisha akasema bila kumtazama mwanawe, "Ukienda kwa Lino kama mwenye miti, watakukata. Ukienda kama mpwa, nani atakugusa?"

Natale aliinama. Alichukua punje za ulezi zilizomwagika, akazirudisha moja moja kwenye ungo, na nilijua anahesabu kitu.

Jumamosi, jua lilipochomoza, alisimama uani kwa Lino. Zéphyrin alikuwa amekwisha kufika, lori limeegeshwa barabarani, hatua mia mbili na hamsini kutoka shambani. Vijana watatu walisimama nyuma ya baba yao. Lino alikuwa mzee mfupi, mtaratibu, na alionekana kama mtu ambaye hakulala.

"Mjomba," Natale akasema, "nimekuja kusema neno ambalo lilipaswa kusemwa miaka saba iliyopita. Nilipanda kwenye udongo wako bila kukuuliza. Miti ni yako. Iliyosimama na iliyolala, na visiki. Mwalimu ni shahidi. Na Albert ni shahidi."

Nyuma yangu Pasca akatoa sauti ndogo kama aliyechomwa na mwiba. Albert akashusha pumzi. "Vizuri. Sasa mwambie Mkongo wako ageuze gari."

"Sijamaliza. Mjomba, mavuno yamekwisha?"

Lino akamtazama. "Yamekwisha."

"Siku yangu ya mwaka huu sijaichukua."

Lino alimtazama mpwa wake, akatazama jua, akatazama tena mpwa wake, na kitu kikasogea kwenye pembe ya mdomo wake.

"Hujaichukua," akasema.

"Naichukua leo."

"Baba!" Albert akapiga kelele. "Hiyo ni siku ya kuku!"

"Nani alisema ni ya kuku? Wewe umewahi kuona mpwa akipimiwa?" Kisha Lino akainua kidole. "Lakini kwa mikono yako, Natale. Na jua likizama, umeacha."

Natale alikuwa amekwisha kuanza kukimbia.

Alilikunja koti la Fabiano mara nne, akaliweka begani, akainua nguzo ya kwanza. Mti mbichi kidogo wa hatua tano ni mzigo wa watu wawili wavivu au mmoja aliyekata shauri. Aliutupa barabarani, akarudi mbio. Akauinua wa pili. Hadi saa tatu za asubuhi alikuwa na kumi na nane, nami nilikuwa nikiandika nikiamini ameshinda. Saa sita alikuwa na thelathini na moja, na alikuwa hakimbii tena.

Albert alikaa kwenye kivuli akihesabu kwa sauti ili kila mtu asikie. "Thelathini na tano! Sajini, gari limechemka? Weka gia ya kwanza, kuna mlima!"

"Mwenye makalio mazito ahesabu," mama Ayikoru akamjibu kutoka mlangoni kwake. "Mwenye mabega abebe."

Saa tisa, arobaini na nne. Damu ilikuwa imepenya shati, ikagusa koti. Pasca alikwenda kandokando yake na kibuyu cha maji, na mara moja mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ncha ya nguzo.

"Usiguse!" Albert akaruka. "Akigusa, siku imevunjika!"

Pasca akairudisha mikono, akaketi chini akaikalia, akalia kwa hasira bila kujificha.

Kwenye nguzo ya hamsini na moja, jua likiwa limebakiza kimo cha mkono juu ya vilima vya Kongo, Natale alijikwaa kwenye kisiki alichokikata mwenyewe. Akaanguka kifudifudi, nguzo ikamlalia mgongoni. Hakuinuka. Hata Albert aliacha kuhesabu. Nilitaka kwenda, mama Ayikoru akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Lino akatoka uani na panga. Alikuja moja kwa moja, si kwa kuzunguka. Aliingia katikati ya miti, mahali ambapo hakuwa amekanyaga kwa miaka saba, akapita kati ya mistari mpaka akafika alipolala mpwa wake. Akainua panga. Pasca akapiga ukelele.

Mzee akakata kitawi cha kalitusi. Akakichonga ncha taratibu, akakitia mdomoni, akatafuna, akatema.

"Mchungu," akasema. "Miaka saba nilikuwa najiuliza." Kisha akainama. "Mpwa wangu, inuka. Sitaki wasimulie kwamba uliangukia kwangu."

Natale akakunja goti moja. Akakunja la pili. Nguzo ikapanda pamoja naye, ikiyumba kushoto na kulia, na Lino akamtangulia kuelekea barabarani, akipiga teke kila kisiki na kila jiwe lililokuwa njiani. Kupiga mawe teke hakukuwa kumsaidia mtu kubeba. Albert alifungua mdomo, baba yake akamtazama, akaufunga.

Jua lilipozama zilikuwa hamsini na nne.

Natale alikaa chini, ameegemea tairi la lori. Zéphyrin alizihesabu mara mbili, kisha akakuna kichwa.

"Makumi tano na ine. Tulisema makumi sita."

"Kaka," nikamwambia, "umemwona mtu huyu kutwa nzima!"

"Nimeona. Macho yangu imeona, lakini mafuta yangu haina macho." Akatembea huku na huku. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara. "Sikia, Sajini. Ile mashine ya miguu inabakia kwangu. Nakupa ingine, ya kuzungusha na mukono. Kichwa tu. Na bati kumi."

"Kichwa tu?" Pasca akadakia. "Na miguu yangu itafanya kazi gani?"

"Itatembea, mama."

Natale akacheka pale chini, cheko fupi lililomuumiza mbavu, akakubali.

Kabla hatujaondoka, Lino alimkaribia. Kitawi bado kilikuwa mdomoni.

"Miti yangu," akasema, akilitia uzito neno la pili, "nitaikata nami nitajenga. Albert atajenga. Lakini siku yako iko pale pale. Mwakani usije na mashahidi. Njoo na mabega."

Hiyo ndiyo pensheni aliyopata Natale Mindra, siku moja kwa mwaka, kadiri mabega yake yatakavyobeba. Serikali aliyoitumikia miaka ishirini na moja ilimpa karatasi. Mzee aliyeogopa kunyang'anywa ardhi alimpa kitu kilichoweza kuchipua, na alikitoa mara tu alipoheshimiwa.

Aliezeka nyumba ya Oli kwa mabati yale kumi, pembe moja ikabaki nyasi. Pasca alishona sare za shule na akaacha kuyataja maduka. Jina la Natale halikuitwa, au liliitwa na karani akashindwa kulisoma, sijui. Mwezi wa sita mwaka 1979 vita vilitufikia. Arua ilihama kwa siku mbili. Yeyote aliyewahi kuvaa sare ya serikali iliyoangushwa alijua hatapewa nafasi ya kueleza kwamba alikuwa dereva tu. Kwenye njia ya mpakani nilimwona mmoja wa wale askari waliogawiwa maduka, akitembea kwa miguu kama sisi, na shada la funguo likigongana mfukoni kwa kila hatua.

Pasca alibeba cherehani kichwani, imefungwa ndani ya koti la Fabiano. Ile ya miguu isingetoka hata mlangoni. Eyotaru alibeba uzi na mkasi.

Tulipita Midia asubuhi. Visiki vilikuwa vimechipua, kila kimoja vijiti vinne au vitano vya kijani, vinafika magotini. Lino alikuwa amesimama katikati yake na panga, akipunguza vilivyo dhaifu ili vilivyobaki vipate nguvu. Alikataa kuhama. Alisema magoti yake yalikwisha kuzunguka vya kutosha.

"Natale," akaita, "na siku yako ya mwaka huu?"

Natale alisimama barabarani, watu wakimpita pande zote mbili na magodoro yao.

"Niwekee, mjomba."

Mzee akainamia kisiki kilichofuata, nasi tukavuka mpaka.